Mama Mkwe Aliyeniona Fuvu

Mama mkwe wangu ameniona fuvu. Sisemi kipara, kipara ningevumilia. Nasema fuvu lenyewe, mfupa mtupu, ule ambao mtu wa kawaida huzikwa nao bila kumwonyesha yeyote. Na kwetu Kabuchai mwanamume hashiki hata mkono wa mama mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, anaingia kwenye miwa na kungoja apite. Wakijikuta boma moja, mmoja akiwa sebuleni mwingine yuko jikoni. Nawaeleza mimi mwenyewe mapema, maana nikiwaachia watu wa kwetu waeleze, watatia chumvi.

Nianze na tangi. Mke wangu ni wa upande wa Kitale, mtoto wa watu waliotoka mkoa wa kati zamani wakanunua shamba na kupanda mahindi. Siku niliyopelekwa kwao mara ya kwanza nilivaa koti la kuazima, nikaandamana na baba yangu mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kunisemea. Tulipoingia uani tu, mama mkwe akatoka jikoni akipangusa mikono, uso wote kicheko, akaja moja kwa moja kunikumbatia. Kunikumbatia, bana. Mimi nikafanya ambacho baba yangu angefanya, na babu yangu kabla yake: nilikimbia. Pale uani hapakuwa na muwa hata mmoja. Kulikuwa na tangi la maji la mabati, basi nikajitia nyuma ya tangi, nikachuchumaa, na kutoka huko nikamsalimia kwa adabu zangu zote. Baba mdogo ndiye aliyetakiwa kueleza mambo, lakini alikuwa ameshaonyeshwa kiti karibu na sufuria ya mukimo, ule mseto wao wa viazi na mahindi, na hakusikia kitu.

Kwao mkwe hushikwa mkono, hukaribishwa, hulishwa mpaka akatae. Kwa hivyo mama yule alichoona ni kijana aliyemtazama mara moja na kutoroka. Kuanzia siku hiyo nikawa Mtu wa Tangi. Mke wangu alijaribu kumweleza mila zetu, akajibiwa, "Mila gani ya kumkimbia mtu aliyekupa mke?" Nami nilikasirika. Nilijiambia sitajieleza kwa mtu niliyempa heshima kubwa kuliko zote nilizo nazo, akaipokea kama tusi. Miaka sita ikapita hivyo. Yeye akija kuwaona wajukuu, mimi naenda kuona miwa. Tukikutana kwa bahati mbaya, nainamisha macho mpaka apite, na kwa sababu hiyo uso wake siujui vizuri hadi leo. Ninachokijua ni viatu vyake.

Na pia akasema mimi ni mvivu. Hilo liliniuma kuliko la tangi.

Mwaka huo wa sita miwa ilikuwa imekubali. Trekta lilikuja, vijana wakakata na kupakia, trela likajaa mpaka likawa refu kuliko paa la nyumba yangu. Nikapata wazo, na hadi leo mke wangu akilitaja wazo hilo hufumba macho kwanza. Nilitaka kupanda juu ya ile miwa nipigwe picha nikiwa nimesimama, mikono kiunoni, halafu mke wangu aitume Kitale bila neno lolote. Picha ingejisemea yenyewe.

Sasa, kando ya shamba langu kuna nguzo ya stima iliyoinama tangu mvua fulani kubwa, na waya zake zimelegea. Sote tulijua. Vijana wanaopanda juu ya miwa pale huinama bila kuambiwa. Mimi siku hiyo sikuinama, kwa sababu mtu hapigwi picha ameinama.

Sikusikia chochote. Wenzangu ndio waliosikia, wakasema ulikuwa mlio mfupi tu. Stima iliingia utosini ikatokea kisiginoni, ikatoboa kiatu changu cha gumbuti. Nikaanguka juu ya ile ile miwa, nayo ndiyo iliyoniokoa, maana ningeangukia barabarani tusingekuwa na hadithi. Picha ipo. Inaonyesha kidevu changu na mbingu.

Jirani yangu mmoja, mtu mwema sana na mwenye haraka, alikimbia kwake akarudi na dawa ya meno, akanipaka kichwa kizima, bomba lote. Ati inapoza. Tulipofika hospitali Bungoma mjini, nilikuwa nimeanza kuzinduka, na kitu cha kwanza nilichosikia ni sauti ya daktari kijana akiwaambia wenzake kwamba hajawahi kupokea fuvu lililopigwa mswaki. Waliniosha dawa ile kwa muda mrefu. Wakanifunga nyaya za kusikiliza moyo, kwa sababu stima hupenda kuuvuruga moyo hata baada ya kuondoka, wakanitundikia maji, wakapima mkojo wangu kila mara kuona kama figo zimeumia. Moyo ulikuwa salama. Figo salama. Kichwa ndicho kilichowashinda.

"Hii inataka mpasuaji wa Kitale," akasema yule kijana.

Nikamwambia mke wangu kwamba Kitale siendi. Mama yake ni muuguzi kule, na si muuguzi wa kupima joto tu, ni yule wa kuosha vidonda vikubwa katika wodi ya upasuaji, kazi aliyoifanya tangu mke wangu akiwa msichana wa shule. Nikasema wanipeleke kwingine.

"Kwingine ni mochari," akasema mke wangu, akaenda kutafuta nguo zangu.

Mpasuaji wa Kitale alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kueleza mambo taratibu kama anayemfundisha mtu njia. Alinieleza kwamba stima haichomi kama uji. Uji huchoma juu. Stima hupita ndani, unaona ngozi imeungua kidogo, kumbe chini yake mambo yameharibika. Akanipeleka thieta, akakata ngozi yote iliyokufa, na nilipoamka utosini palikuwa na uwazi wa upana wa chapati, na katikati yake mfupa. Ngozi iliyobaki pembeni haikutosha kuvutwa ifunike.

"Sasa sikiliza, mzee," akaniambia. "Mfupa ukiwa wazi lazima ukae na maji. Ukikauka unakufa, ukifa unaoza, na usaha wake hauna pa kwenda ila kwenye ubongo. Utaoshwa asubuhi na jioni, utafungwa shashi yenye maji ya chumvi, na shashi hiyo isikauke. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Jioni hiyo pazia likafunguliwa, nikaona viatu viwili vya ngozi vya kahawia, cha kulia kimeshonwa upya ukanda wake kwa uzi mweupe. Nikavuta blanketi nikajifunika kichwa chote.

"Mwambie mama asikaribie," nikamwambia mke wangu kutoka ndani ya blanketi.

Halafu sauti ya mama mkwe, haikuelekezwa kwangu, ilielekezwa kwa binti yake: "Hapa hakuna tangi, akaona afadhali blanketi." Na viatu vikaondoka.

Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa haki yake, sasa naona. Wakati ule niliona nimefanya la maana. Kwa siku mbili nilikataa. Nikasema aje mwingine. Mwingine mwenye ujuzi huo alikuwa likizo ya kujifungua, na kijana aliyeletwa kunisaidia alimwaga maji juu ya bandeji kama anayenyunyizia sukuma wiki, akaenda zake. Siku ya tatu daktari alikuja mwenyewe, akafungua. Nilisikia shashi ikibanduka kwa mlio, kavu kabisa. Yule mama mpole akaniuliza ni nani aliyeamua jambo hili.

"Mila," nikasema.

"Basi mila yako imekula kipande cha mfupa, hapa," akasema, akagusa mahali fulani nyuma kidogo ya utosi, na mimi sikusikia mguso wowote. "Siku mbili zingine na nitakupoteza. Chagua."

Mke wangu alikuwa ameketi pale pale. Hakulia, hakunigombeza. Alinitazama tu, mkono kwenye tumbo, maana alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu. Nilihisi aibu ambayo sijawahi kuihisi mbele ya mtu yeyote, na bado, niwaambie ukweli wangu, sikujua nitamwachaje mama yule anishike kichwa. Kuna mambo mtu huyabeba mwilini. Huwezi kuyavua kwa sababu daktari amesema chagua.

Jioni ile mke wangu aliingia mbele, akatangaza kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa, "Baba watoto, leo kuna sista mgeni. Ametoka hospitali nyingine. Ana shida ya koo, kwa hivyo hasemi."

Nyuma yake akaingia kiumbe aliyefunikwa kuanzia juu: kofia ya thieta mpaka kwenye nyusi, miwani mikubwa, barakoa mbili, gauni la kijani lililofika karibu na sakafu, glavu. Hata mamake mzazi asingemtambua. Lakini mimi miaka sita nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja tu wa mwanamke yule, na ukurasa wenyewe ulikuwa pale chini ya gauni, wa kahawia, na uzi mweupe upande wa kulia.

Niliwaza haraka kuliko nilivyowahi kuwaza. Kama huyu ni mama mkwe, sina budi kujifunika nife. Kama ni sista mgeni mwenye shida ya koo, ni sista tu.

"Karibu, sista," nikasema. "Pole na koo."

Akainamisha kichwa mara moja. Akaanza kazi.

Sijui niwaeleze vipi mikono ile. Alilowesha shashi mpaka ikajiachia yenyewe, hakuivuta. Alipasha maji ya chumvi moto kidogo kwenye beseni, yakanipita kichwani kama maji ya kuogeshea mtoto. Alitoa uchafu kwa koleo dogo, kipande baada ya kipande, bila kugusa ukingo unaouma. Alipomaliza nikajua kwamba nitapona kama mtu huyu hatakasirika tena.

Sasa, mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi nilikuwa nimelala kifudifudi siku kadhaa, sina la kufanya, na nyuma yangu amesimama mama mkwe ambaye hawezi kunijibu neno. Nafasi kama hiyo mtu huipata mara moja.

"Unajua, sista," nikaanza asubuhi iliyofuata, "nina mama mkwe hapa Kitale. Mama mzuri, lakini chai yake. Majani matatu kwa sufuria nzima. Ukinywa unaona maziwa yanajiuliza yamekuja kufanya nini."

Mikono ikasimama. Kisha plasta iliyokuwa shingoni kwangu, pale nywele ndogo zinapoanzia, ikavutwa taratibu sana, unywele mmoja mmoja. Machozi yakanitoka. Mke wangu akatoka nje ghafla, na nikamsikia akikohoa huko kwenye korido kikohozi kisicho cha kawaida.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuzungumza, mimi kwa mdomo, yeye kwa plasta na maji. Nikisema mama mkwe wangu anapenda kuuliza bei ya kila kitu kilicho nyumbani kwangu, maji yanakuja baridi. Nikisema lakini amemlea mke wangu vizuri, yanapata joto. Baada ya siku chache nilikuwa fundi. Nikitaka maji ya uvuguvugu nasifu kidogo, nikitaka ya moto zaidi natia na wajukuu. Siku moja nilisema kwamba yeye ndiye mwanamke mwenye bidii kuliko wote Trans-Nzoia, nikasikia akiguna chini ya barakoa zile mbili. Hakuniamini, lakini maji yalikuwa matamu.

Kisha daktari akanipeleka thieta tena. Tabaka la juu la mfupa lilikuwa limekufa, akasema, na ngozi haipandwi juu ya mfupa mfu, itaoza kesho yake. Kwa hivyo atachukua keekee, kama ile ya fundi wa mbao lakini safi, atoboe matundu kwenye tabaka hilo mpaka afike panapotoka damu. Kutoka kwenye matundu hayo nyama mpya nyekundu itachipuka yenyewe, itambae, ikutane. Hapo ndipo ngozi itakapopandwa. Alitoboa matundu kumi na mawili. Tundu la kumi na mbili lilikuwa pale mila ilipokula.

"Na yasipochipuka?" nikauliza.

"Nitaondoa mfupa wenyewe," akasema. "Utatembea na ubongo chini ya shashi mpaka tupate njia nyingine. Sitaki kufika huko. Wewe pia hutaki."

Basi kila kitu kikawa ni hayo matundu. Mimi siwezi kujiona utosi, na mke wangu akiangalia anasema tu, "Sijui, iko vile iko." Aliyejua ni mmoja, na huyo ana shida ya koo. Asubuhi ya kwanza nilimwomba.

"Sista, tafadhali. Mangapi yana nyama?"

Halafu nikasikia koleo likigonga kidishi cha chuma, mara moja tu, mlio mdogo. Moja. Nilishika ukingo wa kitanda kwa furaha. Kesho yake bado moja. Keshokutwa matatu. Wiki ikaisha tukiwa saba, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameshika mchezo, wananyamaza wote saa ya kuosha kidonda ili wahesabu, na mzee mmoja aliyevunjika nyonga alikuwa akiwapelekea habari wodi nzima kabla ya mimi mwenyewe kugeuka.

Tulipofika tisa tulisimama hapo siku tatu. Tisa, tisa, tisa. Usiniulize nilivyokuwa. Siku ya nne sikuwa na hamu ya mzaha, na mdomo wangu ukaenda wenyewe.

"Sista," nikasema, "kuna kitu kuhusu yule mama mkwe. Siku ya kwanza alikuja kunikumbatia, mimi nikajificha nyuma ya tangi. Anadhani nilimdharau. Nilipokuwa mdogo, siku moja tulikuwa tunatoka sokoni na baba, tukamwona nyanya yangu, mama mkwe wake, anakuja na mzigo kichwani. Baba aliingia kwenye matope ya mto mpaka magotini, na suruali yake ya Jumapili, ili nyanya apite pakavu bila kulazimika kumtazama. Nyanya alipita akitabasamu. Nikajua hivyo ndivyo mtu anavyomwambia mama wa mke wake asante. Mimi sikuwa na mto pale. Nilikuwa na tangi tu."

Maji yalikuwa yakinidondokea sikioni. Mikono haikusogea. Nilingoja plasta, haikuja. Nilingoja maji ya moto, hayakuja. Baada ya muda mrefu alimaliza kunifunga, akakusanya vyombo vyake akaondoka, na siku hiyo hakugonga kidishi hata mara moja. Nilishinda nikijuta kwamba nimeharibu kila kitu kwa kusema ukweli. Asubuhi yake akagonga mara kumi na moja.

La kumi na mbili lilibaki jeupe. Daktari akasema hatungoji tena, ngozi ipandwe, na hilo moja tutaliangalia. Ngozi ingechukuliwa pajani kwangu. Hapo nikainua kichwa. Nikasema fuvu ni sawa, tumekubaliana na sista mgeni, lakini paja hapana. Sista mgeni mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya daktari, na nikaona kofia na miwani vikitikisika kwa nguvu kukubaliana nami. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita mimi na mama mkwe tulikuwa na msimamo mmoja. Nikaletewa muuguzi mwanamume mwenye mikono baridi kama chupa za soda, aliyeninyoa paja akiimba mapambio, na baadaye akabandua bandeji ya paja kwa mkupuo mmoja. Nikamkumbuka sista mgeni kwa mapenzi mengi.

Siku ya tano walifungua. Ngozi ilikuwa imeshika. Mke wangu alilia safari hiyo, na yule mzee wa nyonga akaomba apelekwe kwa kiti cha magurudumu aje aone. Imeshika yote, isipokuwa duara dogo juu ya lile tundu la kumi na mbili, ambapo ngozi ilikufa na mfupa ukabaki unachungulia.

"Nenda nyumbani," daktari akaniambia. "Mke wako aoshe asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu urudi. Pakiwa pekundu tumemaliza. Pakibaki peupe nafungua nikatoe kipande hicho, na chini yake sasa ni ubongo, mzee, si ugali."

Asubuhi ya kuondoka niliuliza alipo sista mgeni. Wakaniambia amerudi hospitali yake.

Wiki tatu zile Kabuchai sikuzipenda. Watu walikuja kunipa pole na kujaribu kuchungulia chini ya kofia. Waliuliza ni nani aliyeniuguza, nami nikasema ni mama mmoja mgeni, bubu. Mke wangu aliniosha vizuri, lakini rangi hakuweza kunitajia. "Ni kama pinki," anasema asubuhi. Jioni, "ni kama njano." Nilianza kuota keekee. Nilimtazama mke wangu na lile tumbo, nikawa nahesabu miezi, naogopa kwamba mtoto atazaliwa baba yake akiwa thieta amefunguliwa utosi, au hayupo. Sikumwambia. Alijua.

Siku ilipofika, mke wangu akasema hospitali ni saa nane, na mama yuko siku ya mapumziko, ameagiza tupitie nyumbani kwanza. Sikubisha. Tulipofika, uani hapakuwa na mtu. Tangi lilikuwa pale pale, mabati yameota kutu kidogo upande wa chini. Mbele yake kulikuwa na kigoda, kimewekwa ili atakayeketi aligeuzie tangi mgongo, na kando yake thamosi na kikombe. Chini ya tangi, kati ya matofali yanayolishikilia, nikaona viatu vya kahawia.

"Hujambo, mkwe wangu?" sauti ikatoka nyuma ya tangi. Ilikuwa ya mtu aliyechuchumaa, na goti moja la uzee lilikuwa likilalamika.

Sasa mwenye shida ya koo nikawa mimi.

"Sijambo, mama," nikasema, nikaketi kwenye kigoda. "Na wewe hujambo?"

"Sijambo. Jimiminie chai. Uniambie kama majani yametosha."

Chai ile ilikuwa nyeusi kupita maelezo, na maziwa alikuwa ametia. Nikanywa kikombe kizima bila kusema neno, uchungu umenishika mpaka masikioni, na mke wangu akaenda kujishughulisha na kuku. Nilipomaliza nikavua kofia. Mkono wenye glavu ukatokea kando ya tangi, mkono tu, ukaondoa shashi taratibu, bila kuivuta. Nikasikia akivuta pumzi. Akatazama muda mrefu, mrefu kuliko inavyohitajika kutazama duara dogo kama lile.

Halafu akaanza kugonga bati kwa koleo. Moja. Mbili. Nilikuwa nikihesabu na midomo. Mke wangu aliacha kuku, akasimama na mahindi mkononi. Saba, nane. Alikuwa hana haraka hata kidogo. Kumi. Kumi na moja.

Akanyamaza.

Niliyatazama matone ya chai chini ya kikombe. Nilimsikia mke wangu akitaja jina la Mungu polepole. Nikajua ya kwamba la mwisho nimelikosa, kwamba zile siku mbili nilizojifunika blanketi ndizo hizi zimekuja kunidai, na kwamba nilistahili.

"Hujaniambia, majani yametosha?" akauliza yule mama kutoka nyuma ya tangi.

"Yametosha, mama," nikasema. "Chai hii ni nzuri kuliko zote."

Akagonga mara ya kumi na mbili.

Nikaomba kikombe cha pili.